Mjadala: Torre de David, ilikuwa haki kuwatoa watu waliohamia humo?

Wadau, naomba tulijadili hili kwa utulivu, maana kila likiguswa watu hugawanyika pande mbili na kurushiana maneno.

Kwa asiyelijua: Caracas, Venezuela, kuna mnara wa ghorofa 45 uitwao Torre de David (yaani Mnara wa David), ulioanza kujengwa mwaka 1990 uwe makao ya mabenki. Tajiri aliyekuwa nyuma ya mradi, David Brillembourg, alifariki 1993. Mwaka uliofuata mabenki ya nchi yakaporomoka, serikali ikalichukua jengo, na ujenzi ukasimama. Halikuwa na lifti, na sehemu nyingi hazikuwa na kuta wala vizuizi pembeni. Mwaka 2007 familia zisizo na makazi zikaingia. Kufika 2014 watu walikuwa maelfu, na walikuwa wamepanda mpaka ghorofa ya 28. Julai mwaka huo serikali ikaanza kuwahamishia kwenye nyumba mpya huko Cúa, nje ya jiji.

Msimamo wangu ni kwamba walikosewa. Sisemi hivyo kwa sababu mnara ulikuwa salama, maana haukuwa salama hata kidogo. Nasema hivyo kwa sababu ya kile walichokifanya mle ndani. Walijenga kuta kwa matofali waliyopandisha wenyewe. Walivuta umeme, wakasukuma maji mpaka ghorofa ya 22. Mwenye kudhani hilo ni dogo ajaribu kupandisha ndoo mbili kwa ngazi. Mimi niliwahi kuishi ghorofa ya nne, pampu ikaharibika kwa wiki tatu, na mpaka leo nakumbuka jinsi mshikio wa ndoo ulivyonikata vidole. Pale Caracas, jengo la kuegeshea magari lililo ubavuni lina njia ya mteremko, basi waendesha pikipiki wakawa wanapandisha abiria mpaka ghorofa ya 10, na kutoka hapo kila mtu na miguu yake. Palikuwa na maduka, saluni, walinzi mlangoni, zamu za usafi na mchango wa kila mwezi. Huo ulikuwa mtaa uliosimama wima.

Mwenzangu mmoja tulibishana naye juzi, akaniambia: "Watoto walianguka kutoka mle. Wewe ungemlaza mwanao pale?" Hapana, nisingemlaza. Na waziri Ernesto Villegas, aliyesimamia uhamisho, alizitaja ajali hizo hizo. Hoja hiyo naiheshimu kuliko zote. Ila mtoto anaanguka kwa kukosa ukuta wa kufika kifuani, na ukuta huo unajengeka. Miaka saba familia zilikaa mle, wenye mamlaka wakiuona mnara kila asubuhi, maana hakuna anayeweza kupita katikati ya Caracas asiuone. Fundi na mifuko ya saruji vingetosha kuokoa maisha, hata kama azma ilikuwa kuwahamisha baadaye.

Kuna jambo linalonipa shida, na silifichi. Tarehe 21 Agosti 2018 tetemeko la ukubwa wa 7.3 liliitikisa Venezuela, na ghorofa tano za juu za mnara zikainama. Waliounga mkono uhamisho wakasema: mmeona? Nami nilinyamaza kwa muda. Watu hawakuwa wakikaa juu kiasi hicho, lakini kama wangekuwepo chini yake siku ile, nani angethubutu kuwarudisha ndani kesho yake?

Hata hivyo, hofu ya matetemeko siyo inayoweza kueleza yaliyofuata. Kama ardhi ya Caracas ilihitajika kwa kazi nyingine, kazi hiyo iko wapi? Mnara ulibaki mtupu, ilhali watu wake walipelekwa mbali na kazi zao, shule za watoto na wateja wa vijiduka vyao. Nakubali walipewa nyumba zenye milango na madirisha, na wengi walizipokea kwa furaha. Lakini mama aliyekuwa akiuza mandazi ya kwao ghorofa ya tano, ngazini watu wanakopita mchana kutwa, kule Cúa anamuuzia nani?

Kwa hiyo nauliza, na hasa nawaomba wahandisi na waliowahi kuhamishwa na serikali popote walipo wajibu: jengo likishatelekezwa miaka kumi na zaidi, na watu wakaligeuza makazi, kipi kitangulie, kuwaondoa au kuwajengea ukuta?