Mrejesho: picha ya Rome: Total War kwenye skrini pana

Wakuu, niliuliza namna ya kuweka picha ya Rome: Total War, gemu la vita vya Warumi, kwenye deskitopu bila askari kuonekana wamevimba. Mlinishauri kuikata, kupiga picha mpya ndani ya gemu, au kuigeuza. Imekubali.

Shida ilikuwa umbo. Gemu ni la 2004, na picha niliyokuwa nayo ilikuwa ya pikseli 1024 kwa 768, yaani 4:3 (upana kwa kimo). Skrini yangu ni 1920 kwa 1080. Windows ikiivuta ijae, kila ngao inakuwa pana kama mlango. Kukata juu na chini kunaondoa uvimbe, lakini picha ni ndogo kuliko skrini, hivyo ukungu unabaki palepale. Kilichonisaidia ni ule ushauri wa pili, wa kupiga picha mpya: kufungua toleo lililoboreshwa la 2021, kusimamisha vita katikati, kushusha kamera hadi usawa wa kofia za askari, kisha kupiga picha ya skrini nzima. Nimehifadhi kwa PNG (aina ya faili la picha), maana ikiwa JPEG, aina nyingine, Windows huibana tena na ncha za mikuki zinachakaa.

Lile wazo la kugeuza picha kushoto-kulia, kama kwenye kioo, ili aikoni zisimfunike jemadari nimelikataa. Ngao ya askari wa Kirumi hukaa mkono wa kushoto, upanga kiunoni kulia. Ukigeuza, jeshi zima linakuwa la mashoto, na SPQR (herufi za Kilatini za "Seneti na Watu wa Roma") kwenye bendera inasomeka kinyumenyume! Nimehamishia aikoni upande wa kulia, basi.

Skrini ya pili nimeweka ramani ya kampeni, ila rangi ni nyingi mno, majina ya mafaili hayasomeki. Hiyo naitoa.