Eti nitabasamu kwanza ndio niulize pesa ya choo iko wapi???

Nyar Kibuye (mwenye uzi)
Watu wa Kisumu leo sina hata nguvu ya kusalimia. Nimetoka sai kwa ule mkutano wao wa "siasa za heshima" pale hotelini na mkono unatetemeka nikiandika, mkiona makosa mvumilie. Mwenyewe mnamjua, sitamtaja na hakuna haja, ukirusha jiwe kutoka Kondele haliwezi anguka chini kabla ligonge mabango yake.

Walituita wamama wa soko, vijana wa boda na wazee wa mtaa, tukapewa tisheti nyeupe zimeandikwa TUJADILIANE BILA MATUSI, asubuhi nzima tunafundishwa vile mtu anauliza kiongozi swali. Usiinue sauti. Usinyooshe kidole. Anza na shukrani. Nikavumilia, nikashukuru Mungu, nikashukuru Mheshimiwa, nikashukuru mpaka mwenye alileta viti. Ikafika saa ya maswali nikapewa maiki nikauliza kitu moja tu, Mheshimiwa choo ya soko ilifungwa tukaambiwa inarekebishwa na pesa imetengwa, hiyo pesa iko wapi, maana kanjo wa kaunti hajawahi kosa kutukatia tikiti ya soko asubuhi lakini sisi tukitaka kwenda haja tunalipa kwa jirani ama tunajibana mpaka jioni. Sikutukana mtu. Hii ndio sauti yangu, nauza mitumba kando ya stegi, nikiongea pole pole nani atanisikia?

Akarekebisha miwani. Akaangalia ukumbi akacheka. Halafu akasema, "Mama, tabasamu kwanza ndio nikujibu."

TABASAMU. Mimi mtu mzima niko na wajukuu. Na watu wakapiga makofi! Yule dada wa kusimamia mjadala, badala ya kumwambia ajibu swali, akanigeukia mimi eti "tuzingatie kanuni yetu ya pili." Nikakataa kutabasamu, maiki ikachukuliwa, ikapewa kijana fulani akauliza Mheshimiwa anatoa wapi nguvu ya kututumikia hivi. Hilo likajibiwa mpaka chai ikapoa.

Na huyu ndiye yule yule wa Jumamosi kwa mazishi, jeneza iko hapo mbele, aliita mpinzani wake mbwa koko na mwizi wa kuku na vitu siwezi kuandika hapa, hakuna mtu alimwambia tabasamu kwanza. Mimi hizi semina za heshima siziamini tena. Heshima yao ni ya mwenye kuuliza, mwenye kuulizwa hana kanuni ya pili.

Omera wa Nyalenda
"Tabasamu kwanza" 😂😂😂 aki pole mama. Lakini si ungetabasamu tu kidogo, saa hizi tungekuwa tunajua pesa iko wapi

Nyar Kibuye
@Omera wewe ungetabasamu? Mbele ya ukumbi mzima? Juu ya CHOO?

Omera wa Nyalenda
Mimi ningetabasamu na bado nisijibiwe. Niko na meno mbaya

Jadunga
Watu wanatuambia tuulize kwa upole kama ambao hatujawahi. Mswada wa Fedha wa 2024, ule wa ushuru, watu walienda mbele ya kamati ya Bunge na makaratasi yao, wakaandika maoni, wakasema tafadhali, wakasema waheshimiwa. Tarehe 25 Juni wabunge wakapitisha tu na vijana wakapigwa risasi nje ya Bunge siku hiyo hiyo. Kesho yake Rais akasema hatatia sahihi. Sasa mniambie ni ile tafadhali ilifanya kazi ama ni nini

Mzee wa Bondeni
Nyinyi mnacheka lakini mimi ni wa Nakuru na hii maneno naijua. Januari 2008, ile vita ya baada ya uchaguzi, nililala uwanja wa Showground na familia yangu, na kabla ya hapo Molo 1992 tuliona. Yote ilianza na mdomo. "Madoadoa", yaani watu wa kabila zingine wanaoishi kati yenu, ilisemwa kwa mikutano na watu wakacheka hivi hivi mnavyocheka. Tume ya Waki iliyochunguza hiyo vita ya 2008 ilihesabu watu 1,133 waliouawa. Ndio sheria ya uwiano ikatungwa 2008, ukichochea watu ni faini mpaka milioni moja ama jela miaka 3. Kwa hivyo mtu akifundisha heshima msimdharau. Mama pengine sauti ilikuwa juu kidogo.

Nyar Kibuye
Mzee wangu pole sana kwa yale mliona, na nakujibu kwa heshima si ile ya tisheti. Hayo maneno ya madoadoa yalisemwa na nani? Muuza mitumba? Yalisemwa na watu wenye maiki na walinzi na magari makubwa. Kesi za The Hague za hiyo vita zilikufa, moja 2014 ingine 2016, hakuna aliyehukumiwa. Sasa mtu achochee watu wachomeane nyumba, na mimi niulize choo, halafu wote tuambiwe "tupunguze joto la kisiasa" kana kwamba tulikuwa na kiberiti kimoja? Hapana mzee. Na sauti haikuwa juu. Aliniambia NITABASAMU. Hata kama ningekuwa napiga nduru, jibu la pesa iko wapi ni tabasamu?

Wakili wa Mtaani
Katiba ya 2010 kifungu cha 37 kinasema mtu akutane, aandamane na apeleke malalamishi kwa serikali, mradi iwe kwa amani na bila silaha. Nimesoma mara nyingi sijaona pahali pa meno.

Hatupangwingwi Daima
2022 tume ya hiyo sheria ya uwiano ilitoa orodha ya maneno ya kuchunga, jina langu "Hatupangwingwi", yaani hatupangiwi na mtu, likawa ndani. Waliokuwa wanalisema kwa mikutano ndio waliingia Ikulu. Mimi tangu hiyo siku sijabadilisha jina

Mulembe Kaka
Mama swali lako ni safi lakini tuambiane ukweli, tisheti ulivaa, chakula ulikula. Na nauli walipeana? Ngapi?

Kondele Base
Kwani walipeana nauli??? Mimi niliitwa ile ya mwezi jana nikapewa maji ya chupa na kalamu haiandiki

Nyar Kibuye
Jamani huu uzi si wa nauli.

Kondele Base
Lakini walipeana?

Mulembe Kaka
Mwenye uzi amenyamaza, walipeana. Anyway hiyo ya mazishi ndio inaniuma mimi. Huku Kakamega Mheshimiwa akifika programu yote inasimama, padri anakaa chini, mwili uko juani, yeye anaongea uchaguzi wa 2027 na kutusi wenzake mpaka chakula inapoa

Omwana wa Webuye
Wewe unasema inapoa, kwetu inaisha! Wiki jana vijana wake walishuka kwa magari kabla hata kaburi halijafunikwa wakaingia hema ya wageni, sisi wa ukoo tukapata ugali na mchuzi

Mzee wa Bondeni
Hiyo ni ukosefu wa adabu. Kwetu wa ukoo wanakula kwanza.

Nyar Kibuye
Tumetoka kwa choo tumefika kwa nyama. Mimi nataka aniombe msamaha, hapo hapo hotelini, na aseme pesa iko wapi. Kuna mtu ana video ya ile saa ameniambia nitabasamu? Tafadhali aweke hapa.

Omwana wa Webuye
@Mzee wa Bondeni si ni vile inafaa! Na mchango tunatoa sisi. Mimi nilitoa 500 na kuku

Kondele Base
Kuku mzima na ukapewa mchuzi? Nani alikuwa anagawa

Omwana wa Webuye
Shemeji yangu. Na alikuwa ameficha mapaja ya kuku kwa ndoo ya sahani chafu, niliona na macho yangu, usiku naweka hiyo maneno kwa grupu ya familia