Uzi: SACCOS za wanajeshi Marekani, ipi ya kupitishia mshahara na ipi ya kukopea? Tupeane uzoefu

Nahodha_Nchikavu (mtoa mada)

Habari za humu wakuu. Vijana wetu wengi wenye ukaazi wa kudumu Marekani wanajiunga na jeshi kule, na swali la mwanzo ni mshahara upitie wapi. Wengi wanafuata tu aliyewatangulia kambini. Leo tuyaweke mezani: Navy Federal, PenFed na wenzao, nani wa matumizi ya kila siku, nani wa mkopo. Tafadhali "mimi walinifanyia hivi" tuziweke kando, tupeane utaratibu na namba.

Nianze na kosa linalorudiwa. USAA, kampuni ya bima na benki ya wanajeshi, si SACCOS. Ilianzishwa 1922 na maofisa 25 wa jeshi huko San Antonio ili wakatiane bima za magari, benki ikaja baadaye. Navy Federal (1933) na PenFed (1935) ndizo SACCOS hasa: unaweka dola 5 kwenye akaunti ya akiba, hiyo ndiyo hisa yako, umeshakuwa mwanachama. Akiba inalindwa na mfuko wa serikali hadi dola 250,000 kwa mtu, kwa hiyo "je, ikifilisika?" isikukoseshe usingizi.

BintiChwaka

Nani anaruhusiwa kuingia. Navy Federal isikutishe kwa jina (Navy ni Jeshi la Majini), tangu 2008 wa Nchi Kavu na wa Anga nao wamo. Mwanajeshi anawafungulia mlango wazazi, babu na bibi, mwenzi, ndugu zake, watoto na wajukuu. Hapa ndipo sisi tunapokwama: "ndugu" kwao ni wa baba au mama mmoja. Binamu mliyelelewa pamoja hahesabiki, isipokuwa kama mnaishi nyumba moja kule. Huyo mpeleke PenFed, ambayo tangu 2019 inampokea yeyote, awe shemeji, jirani au rafiki, hata kama ukoo mzima haujawahi kuvaa gwanda. USAA ndiyo yenye mlango mwembamba: mwenzi na watoto sawa, kaka na dada hapana.

Na majina yetu matatu! Mfumo unalinganisha ulichojaza na kadi yako ya Social Security (hifadhi ya jamii ya Marekani). Ukijaza jina la babu ambalo kwenye kadi halipo, maombi ya mtandaoni yanakwama. Andika kama kadi ilivyo, herufi kwa herufi. Yakikwama, nenda tawini na kadi hiyo na kitambulisho cha jeshi.

Mhasibu_wa_Mtaa

Niongeze kitu kwa waliozoea Sacco za nyumbani, maana wengi wanafika na hesabu ya Ulinzi Sacco (ya wanajeshi Kenya) kichwani: weka akiba, tafuta wadhamini, kopa mara tatu. Kule hakuna hiyo. Akiba yako haizidishwi na mtu, wala koplo mwenzako hakusainii. Wanaangalia rekodi yako ya kulipa madeni kwenye kampuni tatu za taarifa za mikopo, na mgeni faili lake ni tupu. Tupu si mbaya, lakini mashine haina cha kusoma.

Dawa ni kadi ya mkopo yenye dhamana. Ile ya Navy Federal inaanzia amana ya dola 200. Unazifungia, unapewa kikomo hicho hicho, unatumia kidogo (mafuta ya gari tu yanatosha), unalipa salio lote kila mwezi. Ukiijaza hadi 190 kati ya 200, hata kama unalipa kwa wakati, alama zako za ukopaji zinashuka, kwa sababu kinachosomwa ni salio la siku ile taarifa inapotoka. Lipa siku tatu nne kabla ya tarehe hiyo. Watu wengi hulijua hili baada ya mwaka mzima.

Kibuyu

Naweka kambi hapa.

Mzee_wa_Leja

Wakuu, mnashindanisha majina wakati jambo la msingi ni moja: anayekushikia mshahara asiwe ndiye anayekudai. Tenga nyumba mbili.

Sababu iko kwenye sheria na kwenye mkataba. SACCOS ya shirikisho, yaani yenye leseni ya serikali kuu ya Marekani kama Navy Federal na PenFed, ina haki juu ya hisa zako. Ukichelewesha rejesho, inaweza kuchukua kutoka akaunti yako ya akiba au ya matumizi humo humo bila kwenda mahakamani. Akaunti ikiwa ya pamoja na mkeo, fedha zake nazo zimo hatarini. Halafu kuna kipengele cha dhamana mtambuka, maandishi madogo kwenye mkataba wa mkopo wa gari: gari linadhamini pia madeni yako mengine ndani ya SACCOS ile ile. Umemaliza gari, una deni la mkopo binafsi limelala, hati ya gari haitoki. Kabla ya kusaini tafuta aya inayosema dhamana hii inahusu "madeni mengine yote". Mara nyingi ipo.

Kwa hiyo mpango wangu: mshahara Navy Federal, mikopo popote penye riba nafuu zaidi siku hiyo, iwe PenFed au nyingineyo. Navy Federal ina matawi zaidi ya 350, mengi karibu na lango la kambi, na mengine nje kama Bahrain, Japani na Italia. PenFed matawi yake ni machache, sehemu kubwa utamalizana nao kwa simu na programu. Kukopa kwa simu ni sawa. Kuhangaikia kadi iliyofungwa ukiwa umetumwa ng'ambo, hapana.

Kuhamisha mshahara: ingia myPay (tovuti ya mishahara ya jeshi), jaza namba ya benki na ya akaunti, chagua kama ni akiba au matumizi. Ukikosea hapo fedha hurudi zilikotoka na utazisubiri. Mishahara hutoka tarehe 1 na 15. Akaunti ya zamani usiifunge mpaka uone mishahara miwili imeingia kwenye mpya, yaani ile ya tarehe 1 na ile ya 15 yake.

Na makato ya hiari kwenye LES (hati yako ya mshahara): unaruhusiwa hadi sita, lakini tangu 2015 huwezi kuyatumia kununulia gari, televisheni wala samani. Rejesho la gari lilipe kwa uhamisho wa moja kwa moja kutoka akaunti ya mshahara, ukiuweka siku mbili baada ya mshahara, isiwe siku yenyewe.

Koplo_Mstaafu

Mzee kamaliza. Ila huko Navy Federal jihadharini na ada ya kupitiliza salio, dola 20. Jumatatu una dola 60, unapitisha kadi dukani kwa 40, mashine inakubali. Malipo ya duka hayajafika, Jumanne king'amuzi kinakata 50. Jumatano zile 40 zinafika zinakuta 10. Ada inatoka wapi wakati siku ya kununua salio lilitosha? Hicho ndicho kilichofanya mwezi Novemba 2024 shirika la serikali la kulinda watumiaji wa huduma za fedha liiamuru Navy Federal irudishe zaidi ya dola milioni 80 na ilipe faini ya milioni 15. Mwaka uliofuata amri ikaondolewa, kwa hiyo ulinzi wako ni wewe mwenyewe.

Kwa kadi na ATM, huduma ya kuruhusiwa kupitiliza salio haiwezi kuwashwa bila ridhaa yako. Ingia kwenye mipangilio uangalie kama uliikubali ulipofungua akaunti, uizime. Kadi ikikataliwa dukani ni aibu ya dakika moja.

Mama_Tacoma

Na gari? Vijana wakipata mshahara wa pili tu wako kwa wauza magari nje ya lango.

Mzee_wa_Leja

Dada, hapo ndipo pesa inapomwagika. Muuza gari anakutafutia mkopo, anaongeza asilimia zake juu, anakuuliza "unaweza kulipa ngapi kwa mwezi?" Usimjibu swali hilo. Chukua gari la dola 24,000 kwa miezi 60: kwa riba ya asilimia 6 unalipa kama 464 kwa mwezi, kwa asilimia 18 unalipa 609. Tofauti ni zaidi ya dola 8,700, na gari ni lile lile.

Sheria ya ukomo wa riba wa asilimia 36 kwa wanajeshi haigusi mkopo wa kununua gari unaodhaminiwa na gari lenyewe, wengi hudhani inagusa. Kinachokusaidia ni kwamba SACCOS ya shirikisho, kwa mikopo yake ya kawaida, haivuki asilimia 18. Omba idhini ya mkopo kwenye SACCOS mbili ndani ya siku 14, kwenye alama zako huhesabika kama ombi moja. Nenda na idhini mfukoni, jadili bei ya jumla tu, mambo ya mkopo yaje mwisho.

BintiChwaka

Kuhusu kutuma nyumbani. Hizi SACCOS hazikupeleki M-Pesa moja kwa moja. Unaunganisha akaunti ya matumizi na programu ya kutuma fedha. Usiunganishe kadi ya mkopo, huenda ikahesabiwa kama umechukua taslimu, riba inaanza siku hiyo hiyo. Na tangu Januari 2026 anayelipia kwa taslimu dirishani anakatwa kodi ya asilimia 1. Ukitoa kutoka akaunti ya benki au kwa kadi iliyotolewa Marekani, hiyo kodi haikuhusu.

Kibuyu

Wakuu, na deni la kadi alilokuwa nalo mtu kabla hajala kiapo?

Koplo_Mstaafu

Mkuu, deni la kabla ya kuingia kazini rasmi riba yake inashushwa hadi asilimia 6, na ziada inafutwa kabisa, haisogezwi mbele. Lakini hawakushushii wenyewe. Andika barua, ambatisha nakala ya amri ya kuitwa kazini, peleka kwa kila anayekudai. Mwisho ni siku 180 baada ya kumaliza utumishi, na hesabu inarudi nyuma hadi siku ulipoitwa. Ila deni hilo ukilihamishia kwenye mkopo mpya baada ya kuvaa gwanda, umeshapoteza haki hiyo. Kwa hiyo barua kwanza, habari za kuunganisha madeni baadaye.