Tupeane uzoefu: ni lini uliinuka ukapiga makofi kwa moyo, au ukainukiwa wewe?

Wakuu, salaam. Juzi Jumamosi nilikuwa Upanga kwenye igizo la vijana wa sekondari, binti yangu akiwemo. Alicheza bibi anayemzika mwanawe. Igizo likaisha, taa zikazimwa, ukumbi kimya. Sekunde kama tano hivi. Nikaanza kumwonea uchungu mwanangu, nikidhani watu hawakuelewa. Mara kule nyuma kabisa mama mmoja mtu mzima, kitenge begani, akainuka na kupiga kigelegele kimoja kirefu. Hapo viti vikalia ukumbi mzima. Mimi ndiye niliyekuwa wa mwisho kusimama, miguu iliniishia nguvu.

Makofi hapa mjini tunapiga kila siku: mgeni rasmi akitajwa, keki ikikatwa, risala ikisomwa. Kuinuka ni jambo jingine. Naamini mtu asiombwe kusimama, maana akishaombwa, heshima yenyewe imeshaondoka. Wenye visa tuwekeeni.

Mshereheshaji, Mbagala
Mkuu, umegusa kazi yangu. Mwaka wa 11 huu nashika maiki kwenye harusi na sendofu. Kuomba makofi ndiyo mkate wangu: "Hayo makofi hayajashiba!" au nawasuguisha watu viganja, pasha, pasha, pasha, kisha kofi moja kwa pamoja. Sioni kosa, shughuli ikipoa unaipasha.

Lakini kuna sendofu moja baba mzazi, dereva wa daladala, alipewa nafasi ya kumuasa binti. Karatasi anayo mkononi, hakuisoma. Akasema tu, "Mwanangu, umenilea na wewe," akarudisha maiki. Mkewe alifariki binti akiwa darasa la tano, na binti huyo ndiye aliyekuwa akiwapikia wadogo zake. Wale waliojua walisimama kwanza, wasiojua wakafuata. Nilikuwa na maneno tayari ya kuwaamsha, nikayameza. Tangu siku ile, mzazi akimaliza kusema, nanyamaza kwanza.

Mama wa Manzese
Sisi watu wa taarabu mbona tunainuka tangu zamani? Mwimbaji akikugusa huketi ukapiga makofi. Unanyanyuka, unaenda taratibu na mwendo wa ngoma, noti mkononi, unamtunza mbele za watu. Na kila aliyemo ukumbini anajua umeinuka kwenye ubeti gani. Ndiyo maana mtu akiinuka kwenye mpasho, kuna mwenzake anayenuna meza ya pili.

Mimi kisa changu si cha mpasho. Nilikuwa nimeachwa na watoto wawili, shoga yangu akanivuta tukaenda Magomeni nikapumue. Ikaja nyimbo ya subira. Nilikuwa na noti moja tu ya elfu mbili, nauli yangu. Sikumbuki nimeinukaje, najikuta niko mbele namwekea yule dada mkononi, naye akanishika vidole akaendelea kuimba akiniangalia mimi. Nilirudi Manzese kwa miguu. Sijawahi kuijutia elfu mbili ile.

Mwanakwaya, Kigamboni
Kwetu kanisani makofi yana mvutano. Mlezi wetu wa kwaya anasema hatuimbi ili tupigiwe makofi, na namuelewa. Ila Aleluya ya mtunzi Handel ikianza, watu husimama wenyewe. Ule wimbo ni sehemu ya Messiah, utungo mrefu wa kwaya na ala, iliyoimbwa hadharani mara ya kwanza Dublin mwaka 1742. Husimuliwa kwamba mfalme George II wa Uingereza ndiye aliyeanza kuinuka, ingawa ushahidi wa wakati ule haupo. Krismasi iliyopita mzee mmoja wa magongo aliinuka kwenye sauti za mwanzo tu za wimbo, akabaki wima mpaka mwisho. Mimi ni sauti ya tatu, sikuweza kuitoa vizuri.

Ustadhi, Temeke
Kwenye mashindano ya kuhifadhi Qur'ani makofi hayana nafasi. Mtoto akisoma vizuri utasikia "Allah!" kutoka kila pembe, na akimaliza hupigwa takbira, yaani "Allahu Akbar". Ndani ya sala, imamu akikosea mwanamume husema "Subhanallah", mwanamke hupiga kofi. Kwa hiyo kofi kwetu lina kazi, ila ni kazi ya kukumbusha.

Mwandishi mstaafu
Someni kumbukumbu rasmi za Bunge letu. Katikati ya hotuba utakuta kwenye mabano: (Makofi). Pengine: (Makofi/Vigelegele). Vimeandikwa pamoja na hoja.

Mwenye mada
Asanteni sana. Kuna aliyeniuliza pembeni kuhusu asili ya kuinuka na kupiga makofi. Wazungu huita "standing ovation", na hilo ovation limetokana na Kilatini, ovatio. Kwa Warumi ilikuwa heshima ya jemadari aliyeshinda, lakini ushindi wake haukufikia kiwango cha maandamano makubwa ya gari la farasi. Huyu aliingia mjini kwa miguu au juu ya farasi. Na kuhusu makofi ya kununuliwa, Paris ya karne ya 19 walikuwepo watu waliolipwa kukaa ukumbini na kupiga makofi, wengine kucheka, wengine kulia. Hilo linanisikitisha. Msanii anayepigiwa makofi ya kulipiwa atajuaje siku alipofanya vizuri kweli?

Mama wa mtoto kiziwi, Buguruni
Nimesoma yote nikasita kuandika. Mwanangu hasikii tangu akiwa na mwaka mmoja, homa ilimchukulia masikio. Siku ya mahafali ya darasa la saba aliitwa kupokea zawadi ya hisabati. Wazazi tukapiga makofi kwa nguvu zote, mimi na vigelegele juu. Yeye ametupa mgongo, anapokea, hajui kitu. Mwalimu akamgeuza atutazame, kisha akatuonyesha: mikono juu, vidole wazi, unavitikisa. Turubai zima likanyanyua mikono. Hakuna sauti, unasikia feni tu na magari ya barabarani. Mwanangu alisimama akatuangalia, safu ya mbele mpaka ya nyuma, akanitafuta, akanipata.

Usiku akaniuliza kwa ishara wale wote walikuwa wangapi. Sikujua idadi. Nikamnyanyulia mikono tena, pale pale jikoni.