Vidonge vya Mama Mkubwa

Mjomba Kioko: Habari za jioni. Mama Mkubwa leo ameosha vyombo mwenyewe. Homa imeisha wiki tatu sasa. Mwende, hivi vidonge vya fangasi tunaacha lini? Kopo linaisha.

Mwende: Mjomba, hatuachi. Ni vya maisha.

Anti Rose: Maisha?? Fangasi ya miguu mbona inaisha kwa krimu?

Mwende: Ya miguu iko kwenye ngozi, Anti. Hii ya Mama Mkubwa ni Kandida, fangasi iliyokalia vali ya bandia moyoni. Inajifunika utando, kama ule utelezi wa ndani ya mtungi usiosuguliwa, na vali yenyewe haina mishipa ya damu, kwa hivyo dawa haipenyi vizuri. Tiba kamili ni kubadilisha vali pamoja na dawa, na madaktari walisema mwili wake hautahimili kufunguliwa kifua tena. Zile wiki 6 za amfoterisini, ile dawa ya fangasi ya wodini, zilipunguza tu. Mnakumbuka alivyotetemeka mpaka kitanda kikalia, potasiamu ikashuka, kila mara tunangoja majibu ya figo? Hivi vidonge, flukonazoli miligramu 400 kwa siku, ndivyo vinazuia isiote upya. Ikiota, kipande kikimeguka kinaweza kuziba mshipa wa ubongo au wa mguu.

Anti Rose: Mungu wangu. Basi nitachangia kila mwezi.

Mjomba Kioko: Nimeelewa. Halafu ana doa jeusi mkononi, kubwa kama kisahani cha chai. Akipiga mswaki anatema damu. Nilidhani ni mswaki mgumu.

Mwende: Mjomba!! Alipima INR, kile kipimo cha kuganda kwa damu, lini?

Mjomba Kioko: Tangu atoke wodini, bado. Hakuna aliyetuambia.

Mwende: Flukonazoli inaipa wafarini, ile dawa yake ya kuzuia damu kuganda, nguvu kupita kiasi, damu inakuwa nyepesi mno. Tafadhali mpeleke sasa hivi, usingoje asubuhi. Wafarini ya leo asimeze kabla daktari hajaona majibu. Amemeza brufeni?

Mjomba Kioko: Moja jana, ya magoti.

Mwende: Asiiguse tena. Beba dawa zake zote kwa mfuko, wazione.

Anti Rose: Nimetuma ya teksi.

Mjomba Kioko: Saa nne na nusu. INR 6.2, na yake inafaa iwe 2.5 hadi 3.5. Wafarini anaruka leo na kesho, kisha apimwe tena, watampunguzia. Flukonazoli inaendelea. Amelala begani kwangu, nasikia vali ikigonga tik tik.

Mwende: Asante, Mjomba. Kopo lina ngapi?

Mjomba Kioko: Vinne. Vya siku mbili.

Anti Rose: Kesho saa mbili niko kwa kemisti.