Volanti (usukani) ya kuume: ikatazwe ao iachwe?

Mutoto wa Katuba
Bandugu, jana nimetoka Kasumbalesa niko peke yangu ndani ya gari. Kufika peaji, kwenye kulipia barabara, kibanda kiko kushoto, mimi nimekaa kuume. Nikafungua mkanda, nikalala juu ya kiti cha abiria, mkono nje na franka. Yule mama wa kibanda ananiangalia tu. Nyuma lori la shaba linapiga honi.
Sasa niwaulize. Congo tunatembea kuume. Gari za hapa Lubumbashi, nyingi volanti iko kuume vilevile, sababu zinatoka Japani kwenye wanatembea kushoto, zinashuka Dar es Salaam ao Durban, zinapita Zambia mpaka kwetu. Serikali ikataze ao iache? Na kila mmoja aseme gari yake ya kwanza ilikuwa volanti gani, tujue nani anaongea kwa mapendo na nani kwa akili.

Papa Kampemba
Ikatazwe tangu jana. Muangalie ile mabasi madogo: mlango wa kusukuma uko kushoto, maana yake unafunguka katikati ya barabara. Watoto wa shule wanashukia kwenye manseba, wale wa teksi za pikipiki, wanapita mbio. Hiyo inahitaji mjadala? Rwanda wanatembea kuume kama sisi, walikataza kuingiza gari za volanti kuume 2005, na hawakufa. Gari yangu ya kwanza ilitoka Ubelgiji, volanti kushoto. Sikuwahi kulala juu ya kiti cha mtu kwa sababu ya peaji.

Fundi Bel-Air
Papa, hongera kwa Ubelgiji. Piese (spea) ulikuwa unapata wapi? Mimi niko garaji kila siku: mwenye gari ya Japani anatoka saa nne kwenda kutafuta piese, saa sita amerudi nayo mkononi. Mwenye gari ya Ulaya anaacha gari kwangu mpaka majani yanaota chini. Gari ya kwanza mtu hachagui, mfuko ndio unachagua.
Lakini mnalia volanti, hakuna anayesema taa. Taa ya gari ya Japani imetengenezwa kwa kutembea kushoto. Ukiwasha taa ndogo, mwangaza unapanda kidogo upande wa kushoto ili uone ukingo wa barabara na watu wa miguu. Kwetu huku, kushoto ndiko anakotoka mwenzako! Njo maana usiku njia ya Likasi kila mtu anatukana mwenzake kwamba amewasha kubwa, kumbe wote wamewasha ndogo. Volanti utaizoea. Jicho halizoei.

Yaya wa Kamalondo
Fundi anasema kweli ila anasahau sisi tunaokaa kushoto bila volanti. Bwana yangu aliponunua gari ya kwanza, mimi nilikuwa jicho lake. Tukiwa nyuma ya lori: «Kwiko kitu?» «Kwiko.» «Na sasa?» «Ngoja.» «Sasa?» «Pita, pita, pita!» Nilikuwa nafika kwa mama yangu shingo inauma. Na rulaji (polisi wa barabara) wakisimamisha, polisi anakuja kwenye dirisha langu, ananiomba mimi karte rozi, kadi ya gari. Bwana anakohoa huko ng'ambo ili aonekane.
Lakini niseme ukweli. Shida ya gari ya kwanza si volanti, ni ukoo. Siku ile gari imeingia nyumbani, ndani ya parseli, kesho yake tukawa ambulansi, tukawa gari ya ndoa, tukawa gari ya kilio. Na hakuna hata mmoja aliyewahi kuuliza: esansi (petroli) iko?

Mwana Ruashi
Yaya, hapo umeniudhi. Kama hauna pesa ya esansi, gari ulinunua ya nini? Kwetu gari ni ya familia. Nani alilipa shule ya bwana yako? Kilio ni kilio, mtu hatoi faktire (bili) mbele ya maiti.

Yaya wa Kamalondo
Nani amesema faktire? Nimesema mtu AULIZE. Kuuliza ni bure. Na shule ya bwana yangu alilipa mama yake kwa kuuza unga sokoni, wala si hao wajomba walioanza kutujua siku ile ya gari.

Kadhafi wa Bukavu
Niko mbali lakini nasikia moto. Sisi tunaouza esansi kwa bidon kando ya barabara tunawajua vizuri wenye gari ya kwanza. Anakuja na watu wamejaa mpaka kwenye kofa ya mizigo, anaomba lita mbili, wote wanaangalia ziwa. Hakuna anayegusa mfuko. Halafu Bukavu ni milima: lita mbili na watu nane, kupanda Panzi, mnashuka wote kusukuma. Wajomba wa kwanza kushuka? Hapana. Ni mwenye gari anatoka kwanza.
Na kuhusu volanti, nilisikia kuna kisiwa fulani Pasifiki, walipoona gari za bei rahisi ni za volanti kuume, wakahamisha barabara. Nchi nzima.

Papa Kampemba
Hizo ni hadithi za kwenye bidon.

Fundi Bel-Air
Si hadithi, Papa. Ni Samoa, 2009. Walikuwa wanatembea kuume, wakahamia kushoto ili watu wapate gari za bei nafuu kutoka Australia, New Zealand na Japani. Sweden wao walifanya kinyume 1967, wakatoka kushoto kwenda kuume.

Mutoto wa Katuba
Basi jibu limepatikana! Tuache volanti, tuhamishe barabara. Jimbo letu la Haut-Katanga lote kushoto kuanzia Jumatatu, tuungane na Zambia.

Mwana Ruashi
Na ukifika Kasai utafanya nini?

Fundi Bel-Air
Kwa ile barabara? Ukifika Kasai, upande wa kutembea unachaguliwa na mashimo.

Papa Kampemba
Mnacheka lakini sheria iko. Amri ya serikali ya 2012 ilisema gari kuukuu inayoingia isipite miaka 10. Nani anaifuata? Mtu ananunua gari yenye umri wa mtoto wake wa sekondari, anaiita «gari mupya». Halafu anakuja hapa kulia taa, kulia mlango.

Mwana Ruashi
Na ile yako ya Ubelgiji ilikuwa na miaka mingapi, Papa?

Papa Kampemba
Niliingiza mbele ya 2012. Na hilo silo swali.

Mwana Ruashi
Mbele ya 2012 haikuwa na miaka? Ilizaliwa kwenye meli?

Mwenye Mawe (Goma)
Ninyi watu wa lami mna maneno. Goma lava ya 2002 ilipita katikati ya mji, tukajenga nyumba na njia juu yake. Gari yangu ya kwanza niliinunua kwa mukubwa mmoja wa Himbi aliyeniapia kwamba ilikuwa inaenda kanisani tu. Kile kijiwe cha lava ni cheusi, kina meno madogo madogo, hakipasui tairi mara moja: kinainyoa pembeni polepole mpaka nyuzi zinatoka. Kwado (fundi wa tairi) wa pale karibu alikuwa ananisikia kwa egzosi kabla sijakata kona, anaanza kutoa jeki. Mlango wa abiria ulikuwa unafungwa kwa kamba. Na bado kila Jumapili niliiosha na maji ya ziwa, watoto wa jirani wanapanga mstari wapande mpaka kona tu na kurudi. Ile furaha sijaipata tena, na leo niko na gari yenye milango yote.
Volanti ilikuwa kuume. Hakuna aliyeniuliza.

Yaya wa Kamalondo
Mwenye Mawe, watoto wa jirani walikuwa wanaweka esansi?

Mwenye Mawe (Goma)
Yaya, wale walikuwa na miaka sita.

Yaya wa Kamalondo
Basi wao nawasamehe. Wajomba, hapana.

Mwana Ruashi
Bado uko kwa wajomba. Mimi gari yangu ya kwanza nilibeba maiti ya shangazi kutoka Likasi, viti vya nyuma tumetoa, wamama wanaimba njia yote, na sikumuomba mutu hata franka moja. Leo nikipita Likasi sinunui chakula. Wewe ukipita kwa wakwe wako wanakupa nini?

Fundi Bel-Air
Mwana Ruashi, ile gari iliishia wapi?

Mwana Ruashi
Iko garajini.

Fundi Bel-Air
Kwa nani?

Mwana Ruashi
Kwako.

Fundi Bel-Air
Nilitaka useme mwenyewe. Ile amotisa (shokomzoba) ya nyuma ilivunjika sababu ya safari ya Likasi, na tangu ile siku hakuna jamaa hata mmoja aliyekuja kuuliza piese ni bei gani. Mimi si upande wa Yaya, nasema tu kile kiko chini ya mti wangu.

Mwana Ruashi
Siri ya mteja inatoka hivi? Kesho nakuja na kamba, naivuta.

Fundi Bel-Air
Karibu. Uje na wajomba wasukume.

Mutoto wa Katuba
Bandugu, tafadhali. Volanti. Ikatazwe ao iachwe? Papa Kampemba amesema mambo ya mlango na watoto wa shule, hakuna hata mmoja aliyemjibu.

Papa Kampemba
Asante. Nimengoja tangu asubuhi.

Yaya wa Kamalondo
Papa, tutakujibu. Lakini kwanza, kwa heshima yako: ile ya Ubelgiji, siku ya kilio kwenu, uliwapandisha ao ulisema iko garajini?