Kunifutia ufunguo mzima wa gari hakukumtosha, mpaka anisonye?

Mikono ingali inanitetemeka. Yule bwana wa funguo mnamjua nyote, mwenye mkoba mweusi na maneno mengi kuliko vifaa, kwa hivyo sina haja ya kumtaja. Nilimpelekea ufunguo wangu uliobaki, uliokuwa ukiwasha gari bila taabu yoyote, anichongee na kunisajilia mwenziwe badala ya ule uliopotelea ufukweni. Alichomeka kijimashine chake chini ya usukani, akafuta funguo zote katika kumbukumbu ya gari, kisha akashindwa kuzirudisha. Mpya haukushika, wa zamani nao haukushika, na kitaa chekundu cha kufuli kikawa kinanikonyeza kama muhuni wa barazani. Hapo ndipo aliponisonya, msonyo mrefu ambao naamini ulisikika hadi Watamu, akasema mbele za watu, "Bibi, gari limekukataa."

Limenikataa! Aliyelifuta akili ni yeye, niliyekataliwa ni mimi! Pesa alizodai naziacha, lakini kusonywa, tena mbele ya muuza mabuyu ambaye tangu adhuhuri ananiita "Bi Mkataliwa"?

Mpwani Mkavu: Pole dada, ila gari nalo lina macho.

Fundi Mstaafu: Bi mkubwa, gari halimkatai mtu. Kichwani mwa ufunguo mna chipu, kidude kidogo cha elektroniki kisichotumia betri. Koili, yaani waya uliosokotwa, iliyozunguka swichi huipa nguvu na kuisoma namba yake, na namba isipokuwamo kwenye orodha iliyo katika kumbukumbu ya gari, injini haiwaki. Fundi mwenye adabu huuliza kwanza kama funguo zote zipo, kisha hupima betri ya gari, kwa kuwa umeme ukishuka katikati ya kazi mambo huharibika.

Bi Mkataliwa: Ahsante, mzee wangu. Na kusonya je, hufanywa kabla ya kupima betri au baada yake?

Mpwani Mkavu: Jina umeshalikubali!

Mwana wa Mokowe: Nyinyi mna fundi wa kuwasonya. Sisi tunaoacha magari Mokowe na kuvuka kwenda Amu kwa boti, fundi huitwa kutoka mbali na nauli yake hulipwa kabla hajafungua mkoba. Ufunguo wangu ulitumbukia majini pale jetini, na rimoti yote ikaliwa na chumvi.

Mpwani Mkavu: Na chipu?

Mwana wa Mokowe: Chipu ilikuwa ndani ya kijichupa cha kioo kilichozibwa pande zote, ikapona, tukaihamishia kwenye kasha jipya. Ila yule kijana aliyeuzamia, mnamjua, alinidai ujira wa mtu aliyeopoa jahazi zima, na hilo nitalisema hapa hapa.